Taswira ya Dola Tano

Katika viunga vya South River, mji mdogo wa jimbo la Ontario nchini Kanada, mtu mmoja aliyekuwa akipekuapekua vitu vikuukuu ambavyo wenyewe walikwisha kuvichoka wakavitoa viuzwe kwa bei ya sadaka, alikiona kipande cha picha ya rangi ambacho upana wake haukuzidi shubiri moja, chenye uso wa mwanadamu uliochorwa kwa rangi nzito, akakipenda, akatoa dola tano, akaenda nacho zake. Hakujua kimechorwa na nani. Alichokijua ni kwamba macho yake yamevutwa. Alipokigeuza nyuma akaiona saini ya David Bowie, mwimbaji wa Kiingereza wa muziki wa roki aliyefariki dunia tarehe 10 Januari 2016, na baada ya mjuzi wa saini kuhakikisha kwamba mkono ule ni wake kweli, wanadi wa Toronto waitwao Cowley Abbott wakaikadiria ile picha kuwa itapata baina ya dola 9,000 na dola 12,000 za Kanada. Mnada ulipofungwa, mwezi Juni 2021, hesabu ilikuwa dola 108,120.

Rangi haikuongezeka hata tone moja baina ya dola tano na dola laki moja na ushei, wala uso ule haukukunjuka ukawa mzuri zaidi. Kilichoongezeka ni jina. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, pengine mrefu kuliko linavyostahili, kwa kuwa ninaishi katika mtaa wenye picha nyingi na majina machache, nami naamini kwamba kisa hiki cha Ontario kinatuhusu sisi watu wa Kaptembwo, hapa Nakuru nchini Kenya, zaidi ya kinavyowahusu matajiri wa Toronto.

Si ajabu msomaji wa hapa Nakuru akauliza Bowie alikuwa nani. Muziki wa roki haujapata kuwa na makao kwetu. Kuanzia steji ya matatu hadi upande wa Rhonda, spika za vinyozi na za wauza simu hushindana kwa reggae, mugithi, nyimbo za injili na za Kikalenjin, na gitaa la umeme linalopigwa kwa ghadhabu huhesabiwa kuwa ni shauri la vijana wachache wa Nairobi. Walakini mtu huyu hakuwa mgeni kabisa wa nchi yetu. Mwaka 1978 alifika Kenya pamoja na mwanawe kwa mapumziko, akakaa Mombasa, akawatembelea Wamaasai. Na mwaka uliofuata, katika albamu yake iitwayo Lodger, akautia wimbo African Night Flight ambao ndani yake yamo maneno ya Kiswahili, yamekaa shaghalabaghala kama yalivyoingia sikioni mwa mtalii, lakini ni Kiswahili. Mwaka 1992 alimwoa Iman, binti wa Kisomali ambaye mwaka 1975, alipokuwa akisoma sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alionwa na mpigapicha Peter Beard, na kwa picha alizopigwa dunia ya mitindo ikamjua. Kwa hiyo Bowie alipozitundika taswira zake mbele ya watu kwa mara ya kwanza katika maonyesho yaliyokuwa yake peke yake, alikuwa ni mtu mwenye deni kwa upande huu wa dunia.

Maonyesho hayo yalifanyika London mwezi Aprili 1995, katika njia ya Cork Street, ambayo kwa miaka mingi imekuwa soko la wauza picha, yakapewa jina New Afro/Pagan and Work: 1975–1995. Jina hilo silipendi. Afrika na upagani kufungwa pamoja kwa mkwaju mmoja ni mazoea makongwe ya Ulaya, na mtu mwenye akili kama yake, ambaye mwaka ule ule aliandika katika jarida la Modern Painters juu ya maonyesho makuu ya kwanza ya Johannesburg, asingekosa jina lenye adabu zaidi lau angelitafuta. Lakini tuliache jina, tutazame kazi. Kulikuwa na matunda ya miaka ishirini: picha za rangi, taswira zilizotengenezwa kwa kompyuta wakati ambapo watu wengi walikuwa hawajapata kuigusa kompyuta, na hata karatasi za kupambia kuta zilizochapishwa na kampuni ya Laura Ashley, jambo ambalo kwa maoni yangu ni la kishujaa zaidi kuliko yote, maana mchoraji anayekubali kazi yake ibandikwe nyuma ya kabati la vyombo ana unyenyekevu ambao wengi wa Cork Street hawanao.

Wala brashi haikuwa mchezo wa utu uzima wake. Shuleni Bromley alifundishwa sanaa na mwalimu Owen Frampton, ambaye wanafunzi wake wamemkumbuka kwa heshima. Alipotoka shuleni alifanya kazi kwa muda mfupi ya kuchora katika ofisi ya matangazo ya biashara. Na alipohamia Berlin mwaka 1976, mwili umechakaa kwa kokeini na roho imechoka kwa umaarufu, alikuwa akichora na akizuru jumba la Brücke lenye kazi za wachoraji wa Kijerumani wa mwanzo wa karne ya 20, hata ile picha ya jalada la albamu yake ya mwaka 1977, "Heroes", ikafuata mkao wa mtu aliyechorwa na mmoja wao, Erich Heckel. Miaka ya tisini alishirikiana na Beezy Bailey wa Afrika Kusini, mwana wa yule Jim Bailey aliyekuwa mwenye jarida la Drum ambalo wazee wetu walilisoma sana, wakachora picha nyingi kwa pamoja, huyu akianza na huyu akimalizia. Kisha kikafuata kile kipindi alichochora vichwa, vya marafiki na wenzake wa bendi na chake mwenyewe, apata arobaini na saba, akavipa nambari za Kirumi badala ya majina. Kichwa cha Ontario ni cha arobaini na sita, na kilichorwa mwaka 1997. Mwenyewe, basi, alikuwa amekwisha kuviondolea majina. Dunia ndiyo iliyorudi kuyatafuta.

Mshika mbili, moja humponyoka: ndivyo tulivyolelewa kuamini, nami naona kwamba msemo huu umewadhulumu wasanii kuliko watu wa kazi nyingine yoyote. Hakuna anayemshangaa mkulima wa Njoro akiwa pia mwashi, wala mwalimu akiwa mfuga kuku, wala shemasi akiwa kinyozi. Kwetu mtu asiye na kazi mbili huambiwa kuwa hajajipanga. Lakini mwimbaji akishika brashi, mara watu hutabasamu kwa pembe ya mdomo. Na tabasamu hilo si la Kaptembwo peke yake. Don Van Vliet wa Marekani, aliyejulikana jukwaani kwa jina la Captain Beefheart, aliacha muziki mwaka 1982 asiurejee tena hata alipofariki mwaka 2010, kwa sababu wajuzi wa biashara ya picha walimwonya kwamba akiendelea kuimba hatahesabiwa kamwe kuwa mchoraji, bali mwimbaji anayechezea rangi. Mwaka 1985 picha zake zikatundikwa katika nyumba ya sanaa ya Mary Boone, New York. Ilibidi ulimi ukatwe ili mkono upate kuaminiwa, na bei hiyo naiona kuwa ni ghali kuliko zote nitakazozitaja hapa.

Kwa upande wa pili wapo ambao jina liliwafungulia mlango hata pale ambapo pengine ulistahili kukawia kidogo. Mwezi Septemba 2011 nyumba ya Gagosian ya New York ilionyesha picha za Bob Dylan, zikitangazwa kuwa ni kumbukumbu za safari zake za Asia, na haukupita muda watazamaji wakatambua kwamba baadhi yake zimefuata, mkao kwa mkao na kivuli kwa kivuli, picha zilizopigwa na watu wengine, miongoni mwao Henri Cartier-Bresson. Mjadala ukazuka, wenye nyumba wakatoa maelezo, mambo yakatulia. Sisemi kwamba kunakili ni haramu. Wachoraji wetu hunakili kutoka simuni kila siku iendayo kwa Mungu. Tofauti ni kwamba hawadai kuwa walikuwa safarini.

Aghalabu tunasahau kwamba huko Uingereza roki yenyewe ililelewa katika vyuo vya uchoraji, kwa hiyo picha ya mwimbaji wa roki si mtoto wa nje anayekuja kudai urithi, bali ni ndugu mkubwa wa wimbo. John Lennon alisoma chuo cha sanaa cha Liverpool. Keith Richards alisoma Sidcup, Eric Clapton Kingston, Syd Barrett Camberwell. Na Ealing, magharibi ya London, walipita Pete Townshend na Ronnie Wood, ambaye hata baada ya kuingia katika Rolling Stones hakuiweka brashi chini, na maonyesho yake ni mengi. Katika vyuo hivyo mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda aliyeshindwa na hisabati alipewa meza, rangi, na miaka mitatu ya kutafuta yeye ni nani, na jioni, maadamu hakuna aliyemkataza, akapiga gitaa chooni ambako sauti hurudi vizuri.

Ealing huko huko, kuanzia mwaka 1966 hadi 1969, alisoma kijana aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mwana wa Bomi Bulsara, Mparsi aliyekuwa keshia wa mahakama katika serikali ya kikoloni. Utotoni alipelekwa shule ya bweni Panchgani, nchini India, akarudi Unguja akiwa kijana, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 yeye na wazazi wake wakahamia Uingereza. Alisomea uchoraji wa vielelezo na usanifu wa kurasa, na kipenzi cha kalamu yake kilikuwa Jimi Hendrix, ambaye alimchora tena na tena. Alipomaliza masomo, yeye na rafiki yake Roger Taylor walifungua kibanda katika soko la Kensington, wakaanza kwa kuuza kazi za sanaa za wanafunzi wenzake na zake mwenyewe, kabla ya kugeukia mitumba. Na ikiwa kuna msomaji anayeuza mitumba katika soko letu huku moyoni akiwa na jambo jingine, naomba aisome sentensi hii mara mbili. Lilipoundwa kundi la Queen, huyu ambaye sasa aliitwa Freddie Mercury ndiye aliyelichorea nembo, akazifuata buruji za wenziwe kama ambavyo mtu wa pwani aliyezoea kusikia habari za falaki angefanya: simba wawili kwa ajili ya wawili waliozaliwa katika Asadi, kaa kwa aliyezaliwa katika Saratani, na wasichana wawili wenye mabawa kwa ajili yake mwenyewe, wa Sumbula, na juu yao wote ndege mkubwa amekunjua mbawa. Mamilioni ya watu wameivaa kazi hiyo kifuani. Ni wangapi kati yao wanaojua kwamba ni kazi ya mkono uliozaliwa Zanzibar?

Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Mwaka 2023, vitu vyake vilipoanikwa kwa muda wa mwezi mmoja katika kumbi za wanadi wa Sotheby's, London, kabla ya kuuzwa, watu zaidi ya laki moja na elfu arobaini walikwenda kuvitazama, na minada yake ikaingiza karibu pauni milioni 40. Unguja nayo, tangu mwaka 2019, imemfungulia jumba la makumbusho katika Mji Mkongwe, na watalii hulipa kiingilio. Ni jambo jema. Lakini linanikera swali moja ambalo jumba hilo haliwezi kunijibu: lau Farrokh angebaki katika nchi yoyote kati ya nchi zetu hizi, akaendelea kusoma katika shule zetu, ni meza gani angeketi, na nani angempa rangi?

Nasema hivi kwa kuwa najua yaliyotokea katika shule za Kenya. Katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, watoto wa shule za msingi walifundishwa na kutahiniwa sanaa, ufundi na muziki, hadi mtaala ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na masomo hayo yakaondolewa katika mtihani wa KCPE; na katika nchi hii somo lisilo na mtihani ni maiti inayongoja kuzikwa, vipindi vyake huliwa na hisabati na Kiingereza, na mwalimu wake hupewa kazi ya kusimamia mchaka mchaka. Kizazi kizima cha Kaptembwo kimepita darasani bila ya kuchanganya buluu na manjano kwa mkono wake. Mwaka huu wa 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia Gredi ya 10, wakichagua mkondo mmoja kati ya mitatu, na mmojawapo ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Karatasi ni nzuri. Sijaona bado rangi yenyewe ikinunuliwa, na nitakuwa mtu wa mwisho kushangilia kabla ya kuiona, lakini insafu inanilazimu niseme kwamba mlango uliofungwa kwa zaidi ya miaka ishirini umesukumwa kidogo.

Turudi kwenye bei. Mwezi Novemba 2016, miezi kumi baada ya kifo cha Bowie, picha ambazo alizikusanya, si alizozichora, zilionyeshwa London na Sotheby's kisha zikauzwa. Walikwenda kuzitazama watu 51,470, na mauzo yakafika pauni milioni 32.9. Kazi iliyoongoza ilikuwa Air Power ya Jean-Michel Basquiat, iliyopata zaidi ya pauni milioni 7. Waliokuwa wakishindana hapo walikuwa wakinunua kitu kilichopata kukaa katika nyumba ya mtu mashuhuri, na vumbi la mtu mashuhuri nalo lina thamani. Lakini tazama kejeli iliyomo: huyu Basquiat, ambaye Bowie aliipenda kazi yake kiasi cha kukubali kuigiza katika filamu juu ya maisha yake mwaka 1996, alianzia katika kuta za mitaa ya New York, akiandika usiku kwa rangi ya kupuliza mahali ambapo wenye nyumba hawakumwita. Ukuta ulikuwa bure, kazi ikaitwa uchafu. Baadaye kazi ya mkono ule ule ikapanda turubai, ikawa mali.

Mimi nawe, msomaji, tunapita mbele ya kuta za namna hiyo kila siku. Katika Kaptembwo hakuna nyumba ya sanaa, lakini taswira zimejaa tele. Kwa kinyozi kuna vichwa vinne vitano vilivyonyolewa kwa mitindo ambayo kinyozi mwenyewe hawezi, na kimoja daima ni cha mwanamuziki wa Marekani. Kwenye bucha kuna ng'ombe mnene anayetabasamu bila ya kujua yanayomngoja. Kwenye hoteli kuna kikombe cha chai kinachofuka mvuke na chapati zilizopangwa. Na kwenye ua wa shule ya chekechea kuna twiga, herufi, na sungura aliyevaa suruali. Fundi huja asubuhi na makopo yake ya rangi ya mafuta, akaizimua kiasi, akapiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, akaitazama simu, akautazama ukuta, na kabla ya adhuhuri kumepatikana uso. Huo uso una sharti la kushindana na jua, mvua ya masika, na vumbi letu jepesi la volkano ambalo halina adabu kwa kitu kilichokuwa bado kibichi. Nimesimama mbele ya baadhi ya nyuso hizo kwa muda mrefu. Nyingi ni za kawaida, na sitazisifu kwa sababu tu ni za nyumbani, maana huruma ya namna hiyo ni dharau iliyovaa kanzu. Lakini ziko chache ambazo kivuli kilichowekwa chini ya taya, au jicho lililoachwa nusu bila ya kumalizwa, kinanifanya niamini kwamba aliyeshika brashi aliona kitu. Chini, kwenye pembe, mahali ambapo wengine hutia saini, huwa kuna nambari ya simu.

Vyombo vya usafiri navyo vimepata kuwa nyumba za maonyesho zinazotembea, na serikali ikazifunga. Kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutumika mwaka 2004, kila matatu ilipigwa mstari wa manjano, na nyuso za wanamuziki zilizokuwa zimetapakaa ubavuni zikafutwa. Mafundi wakakosa kazi, hadi miaka kumi hivi baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliporuhusu michoro irejee. Sikumbuki kusikia katika kipindi chote kile mtu hata mmoja wa dola au wa chuo akilia kwamba taifa limefuta mkusanyo mkubwa kuliko wote wa taswira zake. Na zilifutwa kweli, kwa brashi pana na rangi ya jumla.

Wala msidhani kwamba Bonde la Ufa halijapata kuona mtu wa muziki akipewa ukuta kwa ajili ya brashi yake. Pale Naivasha, kando ya ziwa, iko nyumba iitwayo Elsamere, alikoishi Joy Adamson, ambaye watu humjua kwa simba Elsa na kitabu Born Free. Kabla ya simba alikuwa mchoraji, na kabla ya kuwa mchoraji alisomea piano huko Vienna. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimwajiri azunguke nchi akiwachora watu wa makabila mbalimbali katika mavazi yao, akatengeneza taswira kwa mamia, na nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa. Alikuwa na mkono mwangalifu. Shanga moja haikumpotea. Alikuwa pia na serikali nyuma yake, gari, na ukuta uliomngoja. Vivyo hivyo Ancent Soi, Mkenya ambaye kazi yake ilichaguliwa kwa ajili ya bango la michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alihitaji mahali pa kutundika, na Nairobi ilikuwa napo: Paa ya Paa ya Elimo Njau tangu mwaka 1965, na baadaye nyumba ya Watatu. Kipaji kilikuwa chake. Ukuta ulikuwa wa watu waliokata shauri kwamba uwepo.

Ninalotaka, basi, ni dogo na laweza kupimwa. Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na jiji haliwi jiji kwa taa za barabarani peke yake. Utafutwe ukumbi mmoja, wa kaunti au wa kanisa au wa shule wakati wa likizo ya Agosti, upakwe chokaa nyeupe, na wachoraji wa Kaptembwo, Rhonda na Mwariki waletewe mbao za kuchorea ili watundike kazi zao kwa wiki mbili. Wakaribishwe pia wanamuziki wetu wenye kuchora, wale wa injili na wale wa mugithi, na yule kijana mmoja wa roki tukimpata. Na kwa siku kumi za mwanzo picha zisiwe na majina, ziwe na nambari tu, za Kirumi zikipenda. Kila mgeni aandike katika kikaratasi bei ambayo angelitoa, akitumbukize sandukuni, na siku ya kumi na moja majina yafunuliwe. Hapo ndipo tutakapojua kama macho yetu yana thamani ya zile dola tano za Ontario, zilizotolewa kwa uso usiojulikana kwa sababu ulipendeza, ambazo kwa hesabu yangu zilikuwa bei ya haki zaidi kuliko ile ya mnada.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba Kaptembwo inahitaji vyoo, maji, na dawa katika zahanati kabla ya picha, na anayesema hivyo hasemi uongo. Nimeishi hapa, sihitaji kukumbushwa. Lakini ukumbi ninaousema umekwisha kujengwa, chokaa na misumari havitalizuia hata bomba moja kufika kwa mtu, na mtu anayengoja maji kwa miaka hana sababu ya kungoja na taswira pia. Nitaambiwa vilevile kwamba mchoraji anahitaji jina ili ale, na hilo ni kweli zaidi. Ndiyo maana majina yafunuliwe siku ya kumi na moja, na bei zilizo sandukuni zisomwe kwa sauti mbele ya wenyewe, ili fundi aliyezoea kulipwa kwa futi za ukuta asikie, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba kuna mtu asiyemjua aliyekuwa tayari kutoa zaidi.

Vikao vya kuwashirikisha wananchi katika bajeti ya kaunti huitishwa wadi kwa wadi kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Enyi wachoraji, msikubali vipite bila ya ninyi. Nendeni na kazi zenu mikononi, muombe ukumbi na mbao, muandikiwe jambo hilo katika kumbukumbu za kikao. Nawe msomaji mwenye ukumbi, au duka, au hata ukuta mrefu usio na kazi, usisubiri kaunti. Mpigie fundi simu; nambari yake imeandikwa chini ya picha, mlangoni kwa kinyozi wako.